Mita Moja ya Bomba

"Fungua mdomo."

Kaka mtu akaufungua. Mwanamume wa miaka arobaini na mitano, mwenye mvi kidevuni na viganja vilivyochanwa na minyororo, alisimama katikati ya jiko la mdogo wake wa kike akitazama dari, mdomo wazi kama mtoto mbele ya daktari wa meno. Mdogo wake alijiinua kwa ncha za vidole, maana hakumfikia zaidi ya bega, akanusa mara mbili.

"Sisikii kitu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. "Umetafuna ndimu."

"Sijatafuna ndimu, mdogo wangu. Wala sijanywa."

"Haya, tembea. Kutoka hapo mpaka mlangoni. Nyooka."

Akatembea. Hatua tatu alizimudu, ya nne ikataka kumwangusha, akadaka fremu ya mlango. Macho yalikuwa mekundu, na shati lilinuka matapishi aliyojaribu kuyafua njiani. Dada yake alimgeukia mumewe, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akijitia anafungua kamba ya kiatu.

"Umeona, Fundi? Umejionea mwenyewe?"

Fundi alikuwa ameona. Tena katika nyumba ile hakuna aliyeona vizuri kuliko yeye, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua kilichomfanya shemeji yake apepesuke.

"Labda ni uchovu," alisema.

"Uchovu!" Mkewe alicheka kicheko kisicho na furaha. "Uchovu wa kuinua glasi. Kaka, nenda kalale. Chakula chako nitakileta huko huko, sitaki kukuona mezani."

Kaka alitoka, mkono ukipapasa ukuta. Fundi alivua kiatu, akakitazama, kisha akakivaa tena.

*

Nyumba hii yote ilikula kutoka msitu mmoja wa miti ya kupandwa. Mume alikuwa fundi wa karakana; alichomelea, alinyoosha, na alifufua vyuma ambavyo watu wenye akili zao wangekwisha kuvizika. Mke aliwapikia wakata miti chakula cha mchana. Kaka wa mke, ambaye kazini walimwita Minyororo, alifunga magogo nyuma ya trekta, na tangu aache pombe aliishi chumba cha uani. Aliiacha siku waliyomzika mama yao, kwa kiapo, mbele ya udongo mbichi, na dada yake ndiye aliyemshika mkono akiapa. Miaka sita ilikuwa imepita bila tone. Dada alikionea fahari kiapo hicho kuliko hata mwenye kukila. Aliwasimulia majirani, aliwasimulia wauza mboga, na aliwasimulia watu ambao hawakuuliza.

Trekta lenyewe liliitwa Ajuza. Mzee Kofia, dereva wake, alimkuta tayari ana meno mabovu, na tangu hapo walizeeka pamoja. Bomba lake la moshi lilisimama wima mbele ya dereva, likitokea kwenye boneti, jambo zuri kabisa shambani kwenye mahindi. Ndani ya msitu lilikuwa balaa. Kila tawi lililoinama lililipiga. Mwezi mmoja lilivunjika mara tatu, na mara ya tatu kisiki chake kilitema cheche kwenye majani makavu, wakayazima kwa makoti na matusi.

"Literemshe," Msimamizi alimwagiza Fundi, akachora kwa penseli juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. "Lipite kando ya injini, liingie chini ya tumbo, likifika nyuma likunje kona, litokee kando ya gurudumu la kushoto. Moshi uende zake vichakani. Umenielewa?"

Fundi alielewa. Alipima, akapima tena, akaenda stoo akapewa bomba la mita tatu. Zilitosha barabara, hazikubaki wala hazikupungua.

Sasa, wiki hiyo hiyo mkewe alikuwa ametoka zahanati. Kwa miaka kumi alikuwa amepikia kuni katika jiko lisilo na pa kutolea moshi, na macho yake yalikuwa yamevimba hata asubuhi hakuweza kuyafungua mpaka ayakande kwa maji ya uvuguvugu. Muuguzi hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia: mama, uchague, moshi huo au macho yako. Mke alirudi akalisimulia jambo hilo huku anacheka, ndivyo alivyozoea kusimulia mambo yanayomtisha. Fundi hakucheka. Kesho yake, karakana ilipokuwa tupu, alichukua msumeno wa chuma akakata mita moja.

Hakujiita mwizi. Alijiambia kwamba ameazima, kwamba bomba jingine likija ataongeza kipande kilichopungua, na kwamba moshi una tabia ya kupanda wenyewe hata usipoelekezwa. Nyumbani alijenga jiko la matofali lililofunikwa, akalipitisha bomba ukutani, na huko nje akaliendeleza kwa bati alilolikunja. Mkewe aliwasha moto wa kwanza akiwa amefumba macho kwa mazoea. Alipoyafumbua na kuona kuta zake, alikaa chini akalia, kisha akainuka akamkumbatia mumewe mbele ya kaka yake bila haya.

"Mtu anaweza kusomea gazeti humu," alisema.

Na bomba la Ajuza, lililokosa mita moja, halikufika kwenye kona. Liliishia nyuma ya ekseli, shubiri moja juu ya ndoano ya kuvutia magogo. Msimamizi alikuja kulikagua akiwa amesimama wima, mikono mfukoni, maana alikuwa amevaa suruali mpya na chini palikuwa na grisi. "Safi," alisema, akatia saini.

*

Kuna jambo moja kuhusu Ajuza ambalo kila mtu msituni alilijua, na Fundi alilijua kuliko wote. Alikuwa hazimwi. Stata yake ilikwisha kufa zamani, na kumwasha kulihitaji mteremko au watu wanane wa kusukuma. Kwa hiyo aliwashwa alfajiri na kuachwa akinguruma mpaka jioni, iwe anavuta au anangoja. Na kazi ya Minyororo ilikuwa kuinama nyuma yake, kuzungusha mnyororo kwenye kichwa cha gogo, kuuingiza kwenye ndoano, kuukaza, na kurudia hivyo mara arobaini kwa siku. Dereva hakuona kitu. Yeye alikaa mbele, juu, kwenye hewa yake safi, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anafurahia safari.

Fundi aligundua madhara ya moshi huo Jumatatu, siku moja kabla ya ule mtihani wa kutembea jikoni. Aliitwa msituni kubadilisha pini ya ndoano. Walikuwa wakifanya kazi bondeni, miti imesimama ukuta huku na huku, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Alipiga magoti pale pale anapopigia shemeji yake. Moshi mweusi wa injini iliyochoka ulimmwagikia usoni. Alifanya kazi robo saa. Alipoinuka, ardhi iliinuka naye, mate yakamjaa mdomoni, na kichwa kikaanza kugonga kama kuna mtu ndani anayetaka kutoka.

"Shem, vipi?" Minyororo alimshika kiwiko. "Na wewe umepata ugonjwa wangu?"

"Ugonjwa gani?"

"Si huu wa kuzunguka. Wiki ya tatu sasa. Nikifika nyumbani dada ananinusa kama nyama ya jana." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nikuambie kitu, lakini usimwambie yeye. Kuna wakati najiuliza. Labda nakunywa kweli halafu nasahau. Mtu anaweza kunywa akasahau?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Fundi alilijua hilo wakati ule ule. Alikuwa na maneno kamili, mafupi, yasiyohitaji hata kupangwa. Badala yake alifuta mikono kwa tambara.

"Usiwe unakaa karibu sana na moshi," alisema.

"Nitaufungaje mnyororo nikiwa mbali, shem? Kwa barua?"

*

Jumatano alikwenda stoo. Aliomba mita moja ya bomba.

"Mita moja ya nini?" Mtunza stoo aliinua macho. "Si nilikupa tatu ukasema zinatosha barabara? Mpaka ukanitambia, mimi nakata kwa jicho."

"Nilikosea kipimo."

"Wewe? Ukosee kipimo?" Alicheka kwa mapenzi yote, kwa kuwa walijuana siku nyingi. "Basi andika barua kwa Msimamizi, ueleze kipande kilikwenda wapi. Ni utaratibu tu, Fundi. Mimi na wewe hatuna neno."

Fundi alichukua kalamu na karatasi. Aliketi nayo karakana mpaka wino ukakauka kwenye ncha. Kuandika ukweli kulikuwa kufukuzwa kazi. Kulitoa bomba nyumbani kulikuwa kumrudisha mkewe kwenye moshi na kumwambia sababu. Alizitazama njia zote mbili akaona kila moja inamtaja yeye kuwa mwizi, na kwa uoga wa kawaida kabisa, ule ambao watu wengi hupita nao maishani bila kudaiwa, alichagua kungoja. Alijiambia kwamba mvua ikinyesha kazi itahamishwa kutoka bondeni kwenda upande wa juu, huko kuna upepo.

Mvua haikunyesha. Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, Minyororo alikuwa ameinama kwenye ndoano alipoanguka kifudifudi juu ya mnyororo. Mzee Kofia, asiyeona nyuma, alikuwa tayari ameweka gia. Mkata miti mmoja alipiga yowe, breki zikashika, na gogo likasimama kiganja kimoja kutoka kwenye mguu wa mtu aliyelala. Walimburuta pembeni. Alitapika, akajaribu kusimama, akaketi tena. Msimamizi alifika akiwa na hasira ya mtu aliyeogopa.

"Saa tano asubuhi!" alifoka. "Saa tano, na umelewa chakari! Ungekufa ningeandika nini?"

"Bosi, sijanywa."

"Hebu simama basi. Simama kama watu."

Watu ishirini walitazama. Minyororo alisimama, akayumba, na kijana mmoja akacheka kwa pua. Msimamizi alimwambia aache glovu na kofia yake ya kazi hapo hapo chini, asizivae hata hatua moja zaidi. Alizivua. Alizipanga vizuri juu ya kisiki, glovu ndani ya kofia. Fundi, aliyekuja mbio aliposikia yowe, alisimama nyuma ya wenzake. Minyororo alipopita karibu naye alimtazama, si kwa kulaumu, bali kama mtu anayeomba shahidi.

Jioni dada yake alikuwa ameshasikia. Wapishi husikia kwanza. Nguo za kaka zilikuwa zimewekwa nje kwenye mfuko wa plastiki.

"Miaka sita nimekula yamini kwa ajili yako," alimwambia mlangoni. "Leo wamenicheka mpaka na vijiko vyangu. Ulimwapia mama! Nilikushika mkono huu!"

"Mdogo wangu, nisikilize—"

"Kwa mdomo upi? Sina kaka mlevi. Nenda kwa hao unaokunywa nao."

Kaka alimtazama Fundi juu ya bega la dada yake. "Shem," alisema. "Sema neno."

Fundi alisema, "Mke wangu, tulia kwanza." Hilo nalo lilikuwa neno, lakini halikuwa lile. Mlango ulifungwa.

*

Jumamosi asubuhi mkewe aliwasha jiko, akaweka maji, halafu akakaa mbele ya moto na mikono mapajani. Jikoni palikuwa peupe na pasafi. Macho yake yalikuwa yamepona kabisa, na sasa yalikuwa yamevimba tena, kwa kulia.

"Niambie sikukosea," alisema. "Sikulala. Kila nikifumba macho naona ule mfuko wa nguo. Halafu najiambia, hapana, hata mume wangu alimwona akipepesuka. Wewe si mtu wa kumsingizia mtu. Ungekuwa na shaka ungesema. Sivyo?"

Angemtukana ingekuwa afadhali. Fundi alihisi aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu achukie hata mikono yake. Alisimama, akaweka kiganja juu ya bomba, na ingawa lilikuwa na moto hakukiondoa haraka.

"Hili ni la Ajuza," alisema.

Alimwambia yote. Mita tatu, msumeno, kona isiyofika, robo saa ya bondeni, karatasi isiyoandikwa. Hakujitetea isipokuwa mahali pamoja, aliposema, "Ilikuwa kwa ajili ya macho yako," na mara alipolisema alitamani kulirudisha.

Maji yakachemka, yakaanza kumwagikia motoni; mkewe hakuyaondoa.

"Ulijua Jumatatu," alisema.

"Jumatatu."

"Na Jumanne nilipomtembeza hapa kama ng'ombe wa mnadani, ulikuwa umekaa hapo. Na kiatu chako."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza, Fundi. Ungeniuliza tu. Ningechagua moshi." Alimimina maji yote juu ya moto. "Litoe. Twende tukamtafute."

*

Hawakwenda mbali. Walimkuta nyuma ya baa iliyo njia panda, ameketi juu ya kreti, mgongo ukutani. Safari hii hapakuwa na haja ya kumnusa mtu. Harufu iliwapokea kabla hawajamfikia.

Dada yake alisimama ghafla. Alikuwa ametembea njia nzima na msamaha wake tayari mdomoni, na sasa hakujua auweke wapi. Alipiga magoti kwenye vumbi, akamfuta kaka yake mashavu kwa ncha ya kanga. Fundi alipiga magoti upande wa pili. Aliongea haraka haraka, kwa hofu kwamba akipumzika atashindwa kuendelea. Alipomaliza, shemeji yake alimtazama kwa muda, akijitahidi kumfanya awe mtu mmoja.

"Kumbe sikunywa," alisema polepole.

"Hukunywa, shem. Ulikuwa moshi. Mimi ndiye."

"Kumbe sikuwa mwendawazimu." Alitabasamu, tabasamu zuri, la mtu aliyepona. Kisha likamtoka. "Jana jioni nilipita hapa mlangoni. Nikapita tena. Nilijiambia, akitokea mtu mmoja, mmoja tu, akasema wewe hukunywa, siingii. Nilipita mara nne, shem. Nilikuwa naangalia barabara ya kwenu."

Dada yake alilia kwa sauti. Yeye alimpigapiga mgongoni, kwa uzito wa mkono uliolewa, akimbembeleza.

"Nyamaza, mdogo wangu. Nyamaza. Wewe ulisema kile ulichokiona." Akamgeukia Fundi. "Nenda kawaambie kazini. Mimi leo siwezi kwenda, nimelewa. Lakini waambie ile Alhamisi sikunywa. Hiyo Alhamisi tu, nirudishieni."

*

Jumamosi kazi ilikuwa nusu siku, na Fundi aliwakuta wote uwanjani, Ajuza akinguruma katikati yao. Nyuma yake aliinama mfunga minyororo mpya, mkono mmoja kazini na mwingine ukipepea moshi. Fundi alikuwa na kile kipande begani, cheusi kwa masizi. Alikwenda moja kwa moja kwa Msimamizi, na kwa kuwa alijua kwamba akianza kwa kunong'ona atamaliza kwa kunyamaza, alisema kwa sauti ya kusikika na wote. Shemeji yangu hakulewa. Mimi niliiba mita moja ya bomba, hii hapa. Moshi ulimtokea usoni. Nifukuzeni mimi, yeye arudi.

Injini ya Ajuza iliendelea kunguruma.

"Fundi," Msimamizi alisema, taratibu kuliko Fundi alivyotegemea. "Asubuhi hii nimepita njia panda. Nimemwona shemeji yako kwa macho haya mawili, amekumbatia chupa. Hata nilimsalimia. Hakunijua."

"Leo amelewa. Leo, ndiyo. Alhamisi hakuwa amelewa."

"Ahaa. Alhamisi moshi, Jumamosi chupa."

"Inama basi hapa nyuma robo saa! Inama uone!"

Msimamizi alisogea karibu mpaka mdomo wake ukafika sikioni mwa Fundi. "Bomba hilo nililikagua mimi," alisema chini chini. "Nikatia saini mimi. Unataka kufukuza wangapi kwa siku moja?" Kisha akarudi nyuma, akaweka mkono juu ya bega la Fundi, akapaza sauti.

"Jamani, mmemsikia huyu? Kaenda kutafuta bomba bovu huko alikolitoa, kajipaka masizi, kaja kujiita mwizi mbele yenu, yote hayo kumfichia aibu ndugu wa mkewe. Mimi siwezi kumrudisha mlevi, kazi hii inaua. Lakini moyo kama huu? Nani kati yenu ana shemeji kama huyu?"

"Nimeiba kweli!" Fundi alisema. "Nimesema nimeiba!"

"Unaona?" alisema Msimamizi, na watu wakacheka kwa wema.

Mtu mmoja alianza kupiga makofi, wengine wakafuata. Mzee Kofia alishuka kwenye kiti chake, akaja kumpa mkono, akaushikilia kwa muda mrefu. Mtunza stoo alimwambia, sasa nimeelewa kwa nini ulikuja kuomba bomba Jumatano, maskini, ulikuwa umeshaanza kumtetea. Hakuna alilowaambia lililosikika. Mwishowe walimruhusu akiunganishe kipande chake, kama wanavyomwachia mfiwa jambo la kushughulisha mikono, na alikichomelea akiwa amelala chini ya Ajuza, machozi yakimtoka ndani ya kinyago cha kuchomelea mahali wasipoweza kumwona. Moshi ulikunja kona ukaenda vichakani. Mfunga minyororo mpya alisema ahsante.

Mkewe alikuwa akimngoja langoni, kwenye jua, kwa sababu hakuweza kungoja nyumbani. Alikuwa amemlaza kaka yake chumba cha uani. Alipomwona mumewe alimjia hatua kadhaa, akimtafuta usoni.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Yote?"

"Yote, mbele ya watu."

"Ehe? Wamesemaje?"

Fundi alijifuta masizi ya begani. Nyuma yake uwanjani bado walikuwa wakizungumza habari zake kwa sauti za upole.

"Wamenisifu," alisema.